Anafukuzwa na Nani?

Mwenye kiti hiki cha kila wiki amepata udhuru, nami nimeombwa nimshikie nafasi. Jina langu Simba. Jina lisiwatishe, kwa ukoo mimi ni mbwa koko, na kwa kazi ni mlinzi msaidizi katika nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam. Mshahara wangu mnaujua: ukoko wa ugali kila siku, na mifupa siku ya sikukuu. Miaka saba nimewasikiliza binadamu nikiwa nje ya mlango. Leo nanyi nisikilizeni kidogo.

Jambo lenyewe ni mbio. Si mbio za kuwahi daladala, hizo nazielewa. Wala si mbio za mwizi. Hizo ndiyo taaluma yangu. Nazungumzia mbio zile ndefu ambazo mtu mzima, mwenye akili timamu na gari uani, anazilipia kiingilio ili apate ruhusa ya kuteseka.

Sisi mbwa tuna kanuni mbili za kukimbia. Ama mbele yako kuna kitu unachotaka kula, ama nyuma yako kuna kitu kinachotaka kukula. Kisipokuwapo hiki wala kile, unalala kivulini. Na wazee wenu walikuwa karibu sana na kanuni hiyo, maana ndio waliosema haraka haraka haina baraka, na mwenda pole hajikwai. Sasa sijui wajukuu waliipoteza wapi.

Yalianza hivi. Mwaka jana Bosi wangu alikwenda kupimwa. Daktari akamwambia presha imepanda, sukari inanyemelea, na kitambi nacho si cheo. Akarudi nyumbani kimya. Kesho yake akanunua raba. Kwa bei ya raba zile, mimi ningekula utumbo mwaka mzima. Akanunua na saa ya mkononi inayohesabu hatua na mapigo ya moyo, kwa kuwa binadamu hajui kama amechoka mpaka asome namba.

Siku ya kwanza alitoka ndani saa kumi na moja alfajiri, mbio, amevaa bukta. Nilimbwekea mpaka majirani wakawasha taa. Msinilaumu. Mtu anayekimbia gizani kutoka ndani ya nyumba, kwa mafunzo niliyopata, ni mwizi.

Tangu hapo mazungumzo ya barazani yakawa mbio tupu, nami nikasoma historia bila kwenda shule. Nikasikia kwamba mbio hizi zinatokana na hadithi ya mjumbe wa Ugiriki ya kale, aliyekimbia kutoka mahali paitwapo Marathon hadi Athens kupeleka habari za ushindi. Alipofika akasema tumeshinda, akaanguka, akafa. Mbwa yeyote akisikia hadithi ile atajifunza kwamba njia hiyo haifai. Binadamu walipoisikia walisema: na sisi tujaribu! Wakaiweka katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1896, wakaikimbia kama kilomita 40. Mwaka 1908 huko London wakaanzia kwenye kasri la mfalme, Windsor, na kumalizia mbele ya jukwaa lake uwanjani. Ndipo ukapatikana urefu wa kilomita 42 na mita 195, na mwaka 1921 ukawa sheria. Yaani kilomita mbili za mwisho, zile zinazowatoa watu machozi hadi leo, chanzo chake ni jukwaa la wakubwa. Mzigo wa wakubwa hubebwa na miguu ya wadogo.

Na wapo waliozidi. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 1921, kuna mbio za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Huko Hawaii, mwaka 1978, walianzisha mashindano ambayo mtu anaogelea karibu kilomita nne, anapanda baiskeli kilomita 180, kisha ndipo anakimbia zile 42 zote. Utadhani ni mtu aliyekosa pantoni ya Kigamboni, akakosa na basi, akaamua liwalo na liwe.

Nikicheka hivyo, lazima niseme ukweli wangu pia. Jumamosi moja Bosi alinifungua mnyororo, tukatoka pamoja kuelekea ufukweni. Mwanzoni nilimwacha mbali. Nikawa namsubiri kwenye kona, namtazama anavyohema, namwonea huruma. Lakini jua lilipopanda, mambo yakageuka. Sisi mbwa jasho letu liko kwenye nyayo tu, tena kidogo. Joto la mwili tunalitoa kwa kuhema, ulimi nje. Binadamu hutoka jasho mwili mzima, na upepo ukipita anapoa huku anakwenda. Kwa hiyo mwendo mfupi nyinyi hamtupati. Mwendo mrefu juani, mbwa koko huyu alilala chini ya mwarobaini, na mwenye kitambi akapita, akaendelea, akarudi, akaniletea maji katika kiganja chake. Tangu siku ile nabweka kwa adabu.

Mwishoni mwa Februari mwaka huu Bosi alipanda basi kwenda Moshi kwenye Mbio za Kilimanjaro, zile zilizoanza mwaka 2003. Alikimbia nusu yake, kilomita 21. Alirudi anachechemea, ukucha mmoja umetoka, na shingoni ana medali. Nami nilipochanjwa kichaa cha mbwa nilivishwa kitu shingoni, ila mimi sikualika watu.

Yeye alialika. Jumamosi iliyofuata palipikwa pilau, soda zikawekwa kwenye barafu. Wageni wakaishika medali mmoja mmoja. Maongezi yakapanda, akatajwa Alphonce Simbu, aliyetuletea dhahabu ya dunia kutoka Tokyo mwezi Septemba 2025, akimshinda Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mimi hata kupepesa jicho kunanichukua muda zaidi. Watu wakapiga makofi kana kwamba Simbu yuko pale mezani.

Kisha mgeni mmoja mwenye mvi akamtaja John Stephen Akhwari. Kelele zikapungua. Akasimulia jinsi mwaka 1968, katika mji wa Mexico City ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Mtanzania huyo alianguka njiani, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda, akapongezwa, na saa nzima na zaidi ikapita. Giza limeingia, watazamaji wengi wameshaondoka, ndipo Akhwari akaonekana anachechemea na bendeji mguuni, akamaliza. Baadaye akaeleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, bali azimalize.

Mimi pale chini ya meza nikaacha kutafuna mfupa. Kutangulia si kufika, walisema wazee wenu. Na kubaki kwenye lindo wakati hakuna tena anayekutazama, hilo hata mbwa analielewa.

Saa kumi na mbili na nusu jioni hiyo geti likagongwa. Alikuwa Babu, mlinzi wa usiku, ambaye kikazi ndiye mkuu wangu. Babu ni mtu wa swala tano, hanigusi, wala mimi simgusi. Lakini akila, fungu langu huniwekea kwenye kifuu. Alikuwa ameloa jasho, katambuga zimejaa vumbi, rungu begani.

"Shikamoo, Bosi," akasema. Nifafanue hapa kwamba Babu ni mkubwa kwa baba yake Bosi. Miaka yote hiyo shikamoo ilikuwa inapanda mlima badala ya kushuka.

"Marahaba. Babu, njoo uone!" Bosi akamwonyesha medali, akamwonyesha na kidole kisicho na ukucha.

Babu akakitazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana, Bosi. Kwani ulikuwa unafukuzwa na nani?"

Wageni wakacheka mpaka soda zikamwagika. Bosi naye akacheka. Halafu macho yake yakashuka kwenye miguu ya Babu, nadhani kwa kuwa siku zile alikuwa mtu wa kutazama miguu.

"Babu, mbona umeloa hivyo? Umekuja na nini?"

"Na miguu, Bosi. Kutoka Manzese. Na asubuhi hurudi nayo hiyo hiyo."

"Kila siku?"

"Hapana. Nikipata mshahara napanda daladala."

Hapo hakucheka mtu. Ilikuwa mwezi wa tatu umeshaanza, na mshahara wa Babu wa mwezi wa pili ulikuwa bado. Nauli ya Moshi, kiingilio na raba vilikuwa vimetangulia mbele yake kwenye foleni.

Sitawadanganya kwamba Bosi aligeuka malaika. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na bahasha. Akaikabidhi kwa mikono miwili, sauti imeshuka, akasema, "Shikamoo, Babu."

Babu akamtazama, akanitazama na mimi, kama anayeuliza iwapo nimesikia. "Marahaba, mwanangu," akajibu.

Ndugu wasikilizaji, sina ugomvi na mbio. Presha ya Bosi imeshuka, na mimi nafunguliwa mnyororo kila Jumamosi. Kimbieni, inafaa. Ila mkivaa medali zenu, kumbukeni kuna anayetembea jioni hii kwenda lindoni, na hakuna aliyesimama barabarani kumpa maji. Huyo hahitaji makofi. Mlipeni tarehe yake ifikapo.

Mimi nawahi getini. Aprili hii Babu amekuja na daladala, tena mapema, na sitaki anikute nimelala. Kwaherini.