Matangazo ya Tovuti: Je, Yataweza Kulilipia Jarida Letu?

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia, Mikumi)



Katika vikao vya parokia limejitokeza pendekezo kwamba jarida letu lihamie kwenye intaneti, matangazo ya biashara yalipie gharama zote, na fedha ya uchapaji ielekezwe kwenye visima. Ni pendekezo la watu wanaotaka kujitegemea, nasi tunalipokea kwa heshima. Lakini kabla ya kufuta fungu la uchapaji, tuangalie fedha hiyo hutoka wapi.

Mwezi Oktoba 1994, tovuti ya HotWired huko Marekani ilipoanza kuuza nafasi za matangazo, kurasa zilikuwa chache na watangazaji walilipa vizuri. Mwaka 2003 Google ilianzisha AdSense, na hata mwenye tovuti ndogo akaweza kupokea matangazo bila kumfahamu mtangazaji. Hapa kwetu, Issa Michuzi alipoanzisha tovuti yake ya picha na habari mwaka 2005, Watanzania walikuwa na sehemu chache za kukutana mtandaoni. Baadaye wasomaji wengi walihamia Facebook, Instagram na YouTube, na watangazaji wakawafuata. Kurasa ziliongezeka kila siku, fedha haikuongezeka kwa kasi hiyo. Mnajua vitunguu vya Malolo vinavyokuwa wakati wa mavuno.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba bei hutegemea msomaji yuko wapi. Mjerumani anayetafuta safari ya Hifadhi ya Mikumi hugombewa na watangazaji. Mwanakwaya anayesoma ratiba ya semina akiwa Ulaya (Ulaya yetu ya Kilosa, siyo ile ya ng'ambo!) hulipiwa kidogo sana. Na jarida letu huandikwa kwa ajili ya huyo wa pili.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kurasa zetu zikifunguliwa mara 1,000 tunapata dola 1. AdSense hailipi mpaka zifike dola 100, yaani kurasa zifunguliwe mara 100,000. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, ambayo wakati huo ilikuwa kama dola 440. Kwa mfano wetu, zilihitajika kurasa kufunguliwa mara 440,000 kulipa ada peke yake, kabla ya vocha ya intaneti na posho ya kijana anayeandika. Kanuni hizo zimerekebishwa tangu hapo, lakini mambo hayajawa mepesi. Kuanzia mwaka 2024 Google imekuwa ikiweka majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu ya orodha ya tovuti, na msomaji aliyeridhika na jibu hana haja ya kufungua ukurasa wa mtu.

Halafu kuna matangazo yenyewe. Mfumo ndio unaochagua, na sisi hatungependa tangazo la kubeti likae pembeni ya habari za vijana wa Kipaimara. Mwenye tovuti anaweza kuzuia aina fulani za matangazo, ila wanaoshindania nafasi wakipungua, bei nayo hupungua.

Kwa hiyo tunaunga mkono tovuti iwepo, hasa ili wafadhili walio mbali waone kazi inavyokwenda. Nafasi za matangazo tuziuze wenyewe kwa wenye nyumba za wageni, migahawa na maduka ya vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu, kwa bei ya mwezi inayojulikana na kwa stakabadhi. Mteja wao anapita hapa hapa Mikumi.

Fungu la uchapaji libaki lilivyo kwa mwaka mzima wa fedha. Mapato ya tovuti yaingizwe vitabuni baada ya kupokelewa, siyo kabla. Kamati yenye mfanyabiashara aliye tayari kutangaza ilete jina lake kwa katibu, pamoja na kiasi anachoweza kulipa kwa mwezi.