Hodi Majini: Kupeana Nafasi katika Maji ya Wote

(Mada iliyotolewa kwa wanakamati wa parokia na wageni wetu wafadhili, Namawala)



Kwa kawaida tunaposimama mbele yenu kuzungumzia uvuvi, tunazungumza habari za nyavu, mitumbwi, soko na bei. Leo tunaomba tuzungumze jambo ambalo halina fungu katika bajeti yoyote, nalo ni namna wavuvi wanavyopishana na kuheshimiana wakiwa majini. Tumelichagua kwa sababu mashauri mengi ya uvuvi yanayofika kwa mtendaji wa kijiji, na mengine kuletwa hadi kwenye vikao vya kamati zenu, ukiyafuatilia utakuta hayakuanzia kwenye samaki. Yalianzia kwenye nafasi: nani alitega wapi, na nani alikuja kutega mbele yake.

Kwa ajili ya wageni, tueleze kidogo hali ya bonde. Mito ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga inaungana kuwa Mto Kilombero, na mingine inashuka kutoka milima ya Udzungwa hii mnayoiona. Masika yanapokolea, kati ya Machi na Mei, mto unafurika na uwanda mzima unageuka kuwa kama ziwa. Kambale, perege na wengineo wanatawanyika humo kutafuta chakula na kuzaliana. Wakati huo ugomvi ni nadra, maana mtu anaweza kuvua kutwa nzima asimwone mwenzake. Kuanzia Juni maji yanaanza kurudi, na samaki nao wanarudi mtoni au kunasa kwenye mabwawa. Ikifika Septemba na Oktoba, lile ziwa limebaki madimbwi na mifereji, isipokuwa penye vinamasi vya kudumu kama Kibasira. Wavuvi ni walewale, tena wameongezeka, kwa kuwa mpunga umeshavunwa na kila mwenye wavu anatafuta fedha ya sare na ya matibabu. Watu waliotosha katika ziwa sasa wanatakiwa watoshe katika dimbwi.

Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na ukubwa wa karibu hekta 800,000. Ni heshima kubwa. Lakini mvuvi wa Oktoba havui katika hekta laki nane, anavua katika dimbwi lenye upana wa kiwanja cha mpira, na upande wa pili wamesimama watu kumi.

Sheria inasemaje? Tunayo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009. Zinakataza baruti na sumu, zinasimamia ukubwa wa macho ya nyavu, na zinamtaka mvuvi awe na leseni. Leseni hiyo inampa mtu haki ya kuvua, lakini haimpi mahali. Hakuna leseni iliyoandikwa kwamba fulani atatega kwenye gogo lile na mwenzake kwenye kona ile. Vilevile, tangu 2023 sehemu ya bonde imekuwa Pori la Akiba la Kilombero, na kuingia humo bila kibali ni kosa. Tunawasihi wanakamati msimruhusu mtu aende kutega kwa kubahatisha mpaka. Ulizeni kwanza kwa afisa uvuvi na kwa askari wa wanyamapori. Lakini mpaka huo nao umeyafanya maji yaliyobaki yawe na watu wengi zaidi. Kwa hiyo pale leseni inapoishia, ndipo adabu inapoanza kazi, na adabu haina askari.

Tunapofika kwenye kambi ya wavuvi, hata kama ni vibanda vitatu vya nyasi, tunapiga hodi. Tunasubiri tukaribishwe, wazee tunawapa shikamoo yao, ndipo tunaeleza kilichotuleta. Hakuna anayeona ajabu. Basi maji hayana mlango, lakini yana wenyeji kwa siku ile. Mvuvi mwenye adabu akifika bwawani na kukuta wenzake, hateremshi wavu kwanza. Anasalimu, kisha anauliza: "Wazee, wavu wenu umeishia wapi?" Anajibiwa: "Umeishia kwenye lile gogo, wewe shuka chini kidogo." Swali hilo halichukui hata dakika moja. Bila swali hilo, alfajiri wavu unakutwa umezingirwa na wavu mwingine, mmoja amepata samaki na mwingine amepata majani. Kisha wavu unakatwa usiku, na anayeshukiwa ni yule mgeni, awe amekata au hakukata.

Wavuvi wazoefu wana mambo mengine ambayo wanayashika bila kuandikiana. Hawazibi mfereji wote kutoka ukingo hadi ukingo. Wanaacha upenyo, samaki wapite na mitumbwi ipite. Wavu una maboya yenye alama ya mwenyewe, ili anayepita gizani ajue na ainue pondo yake. Mtumbwi unaoteremka na mkondo ni mgumu kuusimamisha, kwa hiyo anayepanda ndiye anayesogea kando. Mgono wa mtu haufunguliwi, hata "kuangalia tu". Anayevua kwa kupiga maji ili kuwasukuma samaki hafanyi hivyo karibu na mwenye ndoano, maana atamfukuzia samaki wote. Na akionekana kiboko au mamba, habari hiyo haifichwi kwa nia ya kumpunguza mshindani. Hili la mwisho tusingependa hata kulitaja, ila linatokea.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka na visima. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yao. Akakiita Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba cha pili, kikagombewa pia, akakiita Sitna. Akahama, akachimba cha tatu, hakikugombewa, akakiita Rehobothi, kwa maana Bwana amewapa nafasi. Mahubiri mengi tuliyoyasikia juu ya habari hii yanamsifu Isaka kwa kuhama badala ya kupigana, na ni sawa. Ila Isaka alikuwa na mahali pa kuhamia. Sisi katika mwezi wa Oktoba hatuna dimbwi la tatu. Rehobothi yetu haitapatikana kwa kusogea mbele. Itabidi itafutwe katika dimbwi hilihili, watu wakiwa wamesimama humohumo.

Na waliosimama humo si wavuvi wa nyavu peke yao. Kuna akina mama wanaochota maji ya nyumbani. Kuna akina mama wengine wanaovua kwa vikapu kwenye kina kifupi, na samaki wao ndiyo mboga ya jioni. Hawa hawahesabiwi kama wavuvi katika taarifa zetu nyingi kwa kuwa hawana mtumbwi. Kuna wafugaji wanaonywesha mifugo. Mtakumbuka kwamba mwishoni mwa 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na maneno makali yaliyosemwa wakati ule hayajasahaulika pande zote mbili. Ng'ombe akikanyaga wavu ni hasara, lakini kumwambia mchungaji mapema "leo tumetega upande huu, nyweshea upande ule" hakuhitaji operesheni.

Mtu anayetia utupa ndani ya dimbwi la namna hiyo hajawakosea wavuvi tu. Ametia sumu kwenye maji ambayo jirani atachota, na ameua hata vifaranga vya samaki ambavyo vingerudi uwandani masika yajayo. Huyu hatumweki katika fungu la adabu. Huyu ni wa sheria.

Yupo pia anayekokota chandarua cha mbu. Hapa Namawala jambo hilo lina uzito wa pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara walipima hapahapa, wakakuta kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ndiyo maana Kilombero na Ulanga zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo nchini kufanyiwa kampeni kubwa ya vyandarua vyenye dawa, kuanzia 1996. Sasa chandarua kikienda dimbwini kinakomba samaki wadogo kabisa, na mtoto nyumbani, au mvuvi mwenyewe kambini, analala bila kinga. Hata hivyo tusimtukane mtu huyo mbele za watu. Mara nyingi ni yule asiye na uwezo wa kununua wavu halali, aliyefika dimbwini akakuta nafasi zote nzuri zimeshikwa na wenye nyavu ndefu.

Hapo tunapenda kusema neno kwa wafadhili wetu, kwa unyenyekevu. Maombi ya nyavu kwa vikundi ni mengi, na nyavu zinahitajika kweli. Lakini anayegawa nyavu anagawa pia nafasi majini. Kikundi cha watu kumi na watano kikipewa nyavu ndefu mpya kwa jina la parokia, kitafika bwawani na kuchukua ukingo mzima, na kitajiona kimetumwa. Yule mzee aliyetega migono mitano pale kwa miaka mingi hana barua ya kuonyesha. Tungependa kila andiko la mradi wa uvuvi, kabla ya kutaja idadi ya nyavu, litaje nani tayari anavua mahali hapo, kwa zana gani na miezi gani, wakiwemo akina mama wa vikapu. Kazi hiyo ina gharama ndogo: baiskeli, daftari, na siku chache za kukaa na watu.

Kwa upande wa kamati, tunashauri kikao cha maji kifanyike mwezi Juni, wakati maji yanaanza kushuka na watu bado hawajakasirikiana. Kikao cha Oktoba huwa ni cha kusuluhisha, na mara nyingi kimechelewa. Kiitishwe pamoja na serikali ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, pale kilipo. Waalikwe wavuvi wa kambi hata kama si wa dini yetu na hata kama si wazaliwa wa hapa, na waalikwe wafugaji. Wakubaliane kwa kila bwawa: upande wa kuchotea maji, upande wa kunyweshea mifugo, umbali kati ya wavu na wavu, na saa ya kutoa nyavu asubuhi ili wa vikapu wapate zamu yao. Wasipokubaliana yote, wakubaliane mawili. Yaandikwe na kubandikwa ofisini kwa kijiji.

Kila kamati inaombwa kuleta majina ya mabwawa yake na makundi yanayoyatumia kabla ya mwisho wa Mei. Mratibu atapita kukusanya daftari. Asiyeweza kumsubiri aliache kwa katekista. Maswali tutayapokea baada ya chai.