Mkandarasi Aliyebaki: Familia ya Forrest na Ujenzi wa Ukanda wa Shaba



Historia ya shaba yetu huandikwa kwa majina ya wenye migodi: Union Minière ya Wabelgiji, kisha Gécamines ya serikali, kisha wageni wa leo. Naomba tuitazame kutoka upande wa mkandarasi, yule anayeitwa kufukua udongo, kulima barabara na kusimamisha viwanda. Wenye migodi wamebadilika, lakini kampuni ya familia ya Forrest imepita katika zama zote hizo.

Malta Forrest, mtu wa New Zealand, aliianzisha kampuni hiyo huko Katanga mwaka 1922, kwanza kwa kazi ya usafirishaji. Reli ilikwisha kufika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, lakini kutoka reli hadi kwenye madini kulikuwa na pori tupu, na mwenye magari alikuwa mtu wa kutegemewa. Anayebeba mizigo huhitaji barabara. Akishajua kuilima, anaweza pia kuondoa udongo uliofunika madini. Ndivyo Entreprise Générale Malta Forrest ilivyopanuka. Mwanawe, George Arthur Forrest, mzaliwa wa Elisabethville wa mwaka 1940, alishika uongozi mwaka 1986.

Wakati huo Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, iliporomoka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji wa shirika zima haukuzidi tani 40,000. Mteja mkuu akianguka hivyo, mkandarasi kwa kawaida huanguka naye. Lakini George Forrest aliingia mwenyewe kwenye madini. Katika mradi wa kuchenjua lundo la mabaki ya tanuri la Lubumbashi alichukua asilimia 25, kampuni ya Kimarekani ya OMG asilimia 55, Gécamines asilimia 20 tu. Mwaka 2004 akaingia Kamoto pamoja na kampuni ya Kinross.

Kati ya 1999 na 2001 alikuwa pia mwenyekiti wa Gécamines yenyewe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza uporaji wa mali asili ya Kongo walimlaumu katika ripoti yao ya 2002; naye akakanusha. Kwangu mimi, mwenye nyumba na fundi anayelipwa kuijenga wasiwe mtu mmoja, hata fundi akiwa hodari namna gani. Mali ya umma ilihitaji mtu wa kubishana na mkandarasi juu ya bei.

Hata hivyo tusiiache historia hii mikononi mwa familia na wataalamu hao peke yao. Madereva wa greda, wachomeleaji na mafundi wa karakana wanajua mengi yasiyo katika mikataba, na wengi wao ni wazee sasa. Tuwahoji mwaka huu. Wenzetu wa Kapanga waanze na barabara ya kwenda Musumba, makao ya mfalme wa Walunda: nani aliilima, kwa mkataba gani, na kwa nini fedha za shaba zimeifikia kidogo hivi.