Hofu Siyo Hatia

Asubuhi ya leo twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kazi ambayo wengi wetu twaijua kwa sinema tu. Ni kazi ya ofisa wa jeshi ambaye kwa miaka ishirini au thelathini huwatafuta wapelelezi wa adui, tena huwatafuta miongoni mwa wenzake anaokula nao meza moja. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Lakini mwenye kuipekua nguo kila siku, mwishowe huona chawa hata pasipo na chawa.

Huko Marekani ofisa wa namna hiyo hupewa mashine ya kupima uongo, poligrafu, ambayo John Larson, polisi wa mji wa Berkeley, aliiunda mwaka 1921. Mhojiwa hufungwa mipira kifuani na tumboni ipate kufuata pumzi zake, mkanda wa kupimia damu mkononi, na vyuma vidogo vidoleni vya kupokea jasho. Kisha huulizwa maswali. Basi hebu tutazame: pumzi, damu na jasho, ni kipi kati ya hivyo kilicho uongo? Moyo hudunda kwa kusema uongo, na hudunda vilevile kwa hasira, kwa haya, au kwa kuogopa kutoaminiwa.

Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilichapisha ripoti yenye hesabu ya mfano. Tuseme wafanyakazi ni 10,000, na wapelelezi miongoni mwao ni 10. Mashine ikitegwa kwa ukali wa kuwanasa 8, itawatia mashakani pia watu wema wapatao 1,600. Ikilegezwa hadi wema wanaoguswa wawe kama 40 tu, wapelelezi 8 watapita salama. Na hao 1,600 ni akina nani, ndugu? Ni baba mwenye watoto shuleni, ni askari aliyetumikia bendera yake kwa uaminifu, ambaye sasa faili lake limeandikwa neno na wenzake wanapunguza sauti anapoingia. Atajiteteaje mtu aliyeshtakiwa na jasho lake mwenyewe?

Tena jeshi lenyewe lina ndimi mbili katika jambo hili. Tangu mwaka 1991 kanuni zake hukataza matokeo ya mashine hiyo yasitolewe kuwa ushahidi katika mahakama za kijeshi. Askari mmoja wa Jeshi la Anga, aliyeshtakiwa kutumia dawa za kulevya, aliomba mahakama isikie kwamba alipimwa na hakuonekana kudanganya. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliikubali kanuni ile kwa kura 8 dhidi ya 1. Jaji John Paul Stevens, aliyebaki peke yake, alikumbusha kwamba serikali hiyohiyo huitegemea mashine hiyo kuwachuja watumishi wake. Kwetu sisi hoja yake ilikuwa nzito kuliko kura yake.

Na je, mwongo wa kweli? Njia yake ni fupi, husema watu, ila ya Ana Montes ilikaribia miaka 17. Mama huyu, mchambuzi katika idara ya ujasusi ya Wizara ya Ulinzi, aliitumikia Kuba kwa siri. Mwaka 1994 alipimwa kwa mashine, akafaulu. Mwaka 1996 mwenzake kazini aliona jambo lisilomkaa moyoni, akamweleza Scott Carmichael, mpelelezi wa idara ileile. Carmichael alimhoji mama yule, hakupata la kumshika, akaliweka faili. Miaka minne baadaye alisikia kwamba makachero wa FBI wanamtafuta mpelelezi wa Kuba wasiyemjua jina, naye akayakumbuka mazungumzo yale. Alirudi kulifungua faili, akawaendea makachero, wakasita, akawaendea tena. Montes alikamatwa ofisini kwake tarehe 21 Septemba 2001.