Choo cha Kuvuta Maji Kinapokataa Kazi
(Maneno kwa wenye nyumba wa Busia na Malaba)



Katika miji ya mpakani, Busia na Malaba, nyumba za kupangisha zimejengwa karibu karibu, na aghalabu choo kimoja hutumiwa na familia mbili au tatu. Wako wengi katika kaunti watumiao choo cha shimo, nacho kikitunzwa hakina aibu yoyote. Lakini maneno haya yawahusu wenye choo cha kuvuta maji. Mtu huvuta mara tatu na uchafu hauendi. Basi huwekwa ndoo mlangoni, na mwezi hupita vivyo hivyo. Watoto huanza kwenda nyuma ya ua, na hapo homa ya matumbo na kipindupindu hupata njia.

Kabla ya kuvunja sakafu, yapasa kujua kosa liko wapi: katika tangi la juu au katika bomba la chini. Ijazwe ndoo ya lita 10 hivi, imwagwe bakulini kwa nguvu na kwa mara moja. Maji yakishuka upesi pamoja na uchafu, bomba ni zima, na tangi ndilo la kutazamwa. Yakipanda na kushuka polepole, njia imeziba. Si mara moja mtu amenunua tangi jipya, kumbe gunzi la mahindi limelala chini.

Tangi la zamani la namna ya Kiingereza hushika galoni 2, yaani lita 9. Maji yakisimama chini ya alama iliyo ndani, mkono wa boya uinuliwe kidogo. Ukiwa wa shaba hupindwa, ukiwa wa plastiki hugeuzwa skrubu yake. Ikiwa maji yatosha, lakini mkono wa choo hauna budi kuvutwa mara nyingi ndipo yaanguke, kosa li katika sifoni, yaani lile bomba lililopinda ndani ya tangi. Humo mna kipande chembamba cha plastiki kiinuacho maji. Kikichanika, maji hupenya na kurudi. Fundi hufunga maji, humwaga yaliyo ndani, hufungua nati ya chini, na kutia kipande kipya. Wengine hukikata katika plastiki nene kwa kipimo cha kile cha zamani. Kikizidi kipimo hukwama. Matangi mengi mapya yana kizibo cha mpira badala ya sifoni. Mnyororo wake ukilegea mno, kizibo hakiinuki vema, na hujifunga mapema.

Njia ikiwa imeziba, mara nyingi uchafu hukaa katika bomba lililopinda chini ya bakuli. Alexander Cumming alilipatia hati mwaka 1775 huko London, na kazi yake ni kushika maji yazuiayo harufu. Hutumiwa kikombe cha mpira chenye mpini: maji yakifunika mpira, husukumwa na kuvutwa kwa nguvu mara 15 au 20. Magunzi, magazeti, nepi na vitambaa vitiwe katika debe lenye kifuniko, si chooni.

Ikiwa bafu nalo lakawia kutoa maji, shimo la maji machafu limejaa, au ardhi imelowa kwa masika na haifyonzi tena. Mtu asiingie humo kamwe. Hewa yake huua, na amfuataye ili kumwokoa hufa naye. Liitwe gari la kunyonya uchafu, wala uchafu usimwagwe mtoni: Sio huenda Ziwa Victoria, na maji ya Malaba huingia Uganda, na huko chini wako watu wachotao.

Kazi ikiisha, karatasi chache za chooni zitupwe bakulini, na tangi livutwe mara moja mbele ya fundi. Zikisalia, asilipwe kwanza fedha zilizobaki.