Kimya Chetu Kisiwe Kibali

Hotuba ya Kamati ya Ardhi na Mipango, iliyosomwa katika chakula cha jioni cha mchango wa mwaka

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila mwaka kamati za chama husimama hapa kueleza pesa zenu zilikokwenda. Kamati ya elimu ina karo iliyolipwa. Kamati ya afya ina vitanda na dawa. Sisi wa kamati ya ardhi hatuna jengo la kuwaonyesha wala picha ya mtoto aliyevaa sare mpya. Tulicho nacho ni karatasi tu. Tunaomba dakika chache tuwaeleze ni kwa nini karatasi hizo zinastahili mchango wenu usiku wa leo.

Tuanze na kisa kilichotufika. Mama mmoja wa Langoni, mjane, aliamka asubuhi akakuta mafundi wameegemeza miti ya kupandia kwenye ukuta wake. Jirani alikuwa anaongeza ghorofa kwa bloku na simiti, juu ya kuta za zamani za mawe na chokaa. Dirisha la chumba chake cha juu, linaloleta upepo wa kusi, lilikuwa likizibwa. Akatupigia simu, tukaenda naye kuulizia. Karatasi zote zilikuwa sawa. Ombi lilipelekwa, likapokelewa, likapita. Siku za kukata rufaa zilikuwa zimeshakwisha.

Na jirani huyo si mgeni. Ni kijana wetu anayefanya kazi Ghuba, amemjengea mamake ambaye nyumba imemzidi kwa wajukuu. Hakuiba wala hakudanganya mtu. Tulikaa barazani na familia zote mbili jioni tatu mfululizo, na Alhamdulillahi wakasikizana: ukuta ukarudishwa ndani hatua mbili, dirisha likapona. Lakini simiti ilikuwa imeshamwagwa. Uzito umebaki pale juu, na ukuta wa chini umeanza kufanya ufa. Laiti mtu mmoja angeisoma ile karatasi mapema, mazungumzo yale ya jioni tatu yangefanyika kabla ya mfuko wa kwanza wa simiti kufunguliwa.

Ndugu zetu, hilo ndilo jambo letu lote. Mji wetu unabadilishwa karatasi moja moja, na sisi hatupo zinaposomwa.

Tueleze sheria kwa lugha nyepesi. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria mpya ya mipango na matumizi ya ardhi. Inasema mtu hawezi kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila kibali cha waziri wa kaunti anayehusika. Kuendeleza si kujenga nyumba mpya tu. Kugeuza nyumba ya kuishi kuwa hoteli kumo, na kukata kiwanja vipande kumo. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Hapo wengi wetu huishia. Lakini kuna vifungu viwili ambavyo kila mwana wa Amu angepaswa kuvijua kama anavyojua njia ya kwenda msikitini. Cha kwanza: mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, sheria inachukulia kwamba kibali kimetolewa. Cha pili: mwombaji, au mtu mwingine anayehusika, asiporidhika na uamuzi, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya kusikiza mizozo ya mipango. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambako nauli na ada za wakili peke yake zinamshinda yule mjane.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika sheria hii kimya cha siku 60 ni kibali. Kweli, kimya hicho ni cha ofisi. Lakini ofisi ni rahisi kunyamaza pale wenye mji nao wamenyamaza.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1986 mji wetu wa kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa, na mpango wa uhifadhi ukaandikwa ili kulinganisha mahitaji ya wakaazi na thamani ya majengo. Mwaka 1991 ikaundwa tume ya mipango ya kusimamia mambo hayo ndani ya mji wa kale. Mwaka 2001 UNESCO ikautia mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia. Tunapenda kuutaja mwaka huo wa 2001 katika hotuba zetu, na ni haki yetu. Lakini miaka miwili ya kwanza ndiyo iliyozaa wa tatu. Kama pasingekuwa na watu wa kukaa na kuuliza nyumba hii inapanda mpaka wapi, ukuta huu ni wa nini, njia hii itabaki na upana gani, UNESCO wangekuja kuandika nini?

Vijana wetu wengine hutuuliza, mbona mnazuia watu kujenga? Wana haki ya kuuliza, nasi tujibu bila hasira.

Nyumba ya Amu ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Kuta zile ni nene na hupumua: unyevu huingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiupaka ukuta huo simiti, unyevu na chumvi hufungwa ndani, na baada ya miaka plasta hubanduka na mawe yakaanza kumung'unyika. Ukiupandishia sakafu ya zege, umeutwika mzigo ambao fundi wa kwanza hakuukadiria. Na nyumba zetu zimeshikana. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na wikio la familia moja limelala juu ya njia ya mtaa mzima. Anayejenga Mkomani hajengi peke yake hata akiwa na hati yake mkononi.

Kisha kuna maji. Maji matamu ya visima vinavyonywesha mji asili yake ni mvua inayonywewa na vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule ndio tangi letu. Chini na pembeni yake kuna maji ya bahari. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukichimba mashimo ya vyoo juu yake, uchafu hushuka. Kwa hivyo ombi la kukata kiwanja kule kwenye mchanga linamhusu mama anayechota ndoo yake Langoni, ingawa hajawahi kufika mahali penyewe wala kumjua anayenunua.

Na shinikizo linaongezeka. Gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021. Kazi za bandari tunazitaka, watoto wetu wanazihitaji. Lakini bandari huja na maghala, hoteli, nyumba za kupangisha na madalali wa viwanja. Maombi yatakuwa mengi zaidi kuliko yale ambayo wazee wetu wa 1991 waliyaona.

Msidhani kwamba kusema hakusaidii. Mnakumbuka mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Watu wa Lamu waliusoma mradi ule, wakaandika, wakafika mbele ya jopo la kitaifa la mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya mazingira ya mradi, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliopinga hawakuwa na pesa kuwashinda wenye mradi. Walikuwa na karatasi zao, na walizipeleka kwa wakati.

Sasa tuseme lile ambalo ni zito zaidi kulisema katika ukumbi huu. Ni rahisi kuwalaumu wageni wanaonunua nyumba. Lakini mgeni hununua kwa anayeuza. Nyumba hubaki kwa warithi kumi, wanne wako hapa Mombasa, watatu Ghuba, mmoja Nairobi, na wawili walioko Amu hawana uwezo wa kuirekebisha. Boriti ni ghali, chokaa ni ghali, fundi anayejua kuchonga zidaka ni mzee na ana kazi nyingi. Dari inavuja masika mawili, la tatu tunauza. Au tunatuma pesa za simiti kwa sababu ni haraka, na fundi wa bloku anapatikana kesho. Wengi wa wanaobadilisha sura ya mji wamo humu ndani, na sisi wanakamati tumo miongoni mwao.

Kwa hivyo hatuombi pesa za kupigana na mtu. Tunaomba za kazi tatu.

Ya kwanza ni msomaji. Tunataka kumlipa kijana mmoja wa Amu aliyesomea mipango au upimaji, ambaye kazi yake itakuwa kufuatilia maombi yanayopelekwa, kusoma matangazo yanayobandikwa viwanjani na kuchapishwa magazetini, na kuyaeleza kwa Kiswahili chepesi. Taarifa yake ibandikwe misikitini, isomwe barazani, na itumwe kwenye makundi yetu ya simu ili aliye Maskati aipate siku ile ile na aliye Mkomani. Siku 60 ni nyingi ukizihesabu tangu ya kwanza.

Ya pili ni mfuko wa wataalamu. Pingamizi lisilo na hoja halifiki popote. Mtaa ukitaka kujibu ombi, uwe na mpangaji miji, mhandisi na wakili wa kuutazama na kuuandikia, ndani ya zile siku 14 na bila kumuuliza mjane ana kiasi gani.

Ya tatu ni mfuko wa chokaa na boriti. Kama tutamwambia mama asitie simiti, basi tubebe naye tofauti ya bei. Familia itakayotaka kurekebisha nyumba yake kwa njia ya asili isaidiwe kuchorewa ramani, kujaza fomu, na kupata sehemu ya vifaa. Na kila kazi iwe na vijana wawili wanaojifunza chini ya fundi mzee, maana fundi akienda na elimu yake, hata pesa hazitaturudishia ukuta.

Tunaweka sharti moja, na tungependa liandikwe katika kumbukumbu za chama. Mchango hautamnunulia mtu kimya chetu. Mwanachama akileta ombi litakaloziba njia au kuchafua maji, tutalisoma kama la mgeni, na tukiona lina dhara tutamwendea kwanza nyumbani kwake, kwa heshima, kabla hatujaandika neno. Nasi wanakamati, maombi yetu wenyewe yatasomwa na wengine.

Wazee wetu walituambia: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tulio mbali tunasema tutarudi tukistaafu, na wengine husema wazikwe kwao. Basi tujiulize, ndugu zetu, tutarudi kwenye mji gani? Anayeamua si serikali peke yake wala mnunuzi peke yake. Anaamua pia yule aliyesoma tangazo akasema neno kwa wakati.

Bahasha ziko juu ya meza zenu. Asiye na pesa aandike jina la mtaa wake na namba ya mtu aliye kule atakayepokea taarifa. Huo nao ni mchango, na tunauhitaji kuliko mnavyodhani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya wazee waliobaki na nyumba zetu, na atujaalie tuwaachie watoto wetu mji wenye kivuli, upepo na maji matamu. Amin.