MTANDAO UKIWAKA, TAWI TUKO WAPI?

*Maneno ya uongozi wa tawi, kikao cha Jumamosi*

Haya ndiyo tuliyoyazungumza kikaoni. Waliofika hawakuzidi ishirini, wengi mlikuwa kwenye mihangaiko, kwa hiyo tunayatuma hapa kama yalivyosemwa. Someni mpaka mwisho kabla ya kujibu, na wale wa kutuma sauti za dakika saba, tunawafahamu, andikeni tu.

Tuanze na letu wenyewe. Mwezi uliopita kundi hili lilipokea ujumbe zaidi ya mia tatu ndani ya siku tatu, karibu wote kuhusu ile klipu ya kondakta anayemsukuma abiria. Wapo waliosema kwa uhakika kabisa kwamba ni stendi yetu. Baadaye mwanachama mmoja akaikuta klipu hiyo hiyo kwenye simu yake ya zamani. Ina miaka mitatu, na wala si ya mkoa huu. Aliyeituma hapa kwa mara ya kwanza si mwanachama wa kawaida, ni sisi viongozi. Kijana mmoja wa stendi yetu, kwa kosa la kufanana na yule wa kwenye klipu, hakwenda kazini siku mbili akiogopa kupigwa. Mama yake ni mwanachama wa tawi hili. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, na mbele yenu wote tunamwomba tena.

Katika siku hizo hizo tatu, kwenye ubao wa ofisi ya mtaa lilikuwa limebandikwa tangazo la mkutano wa wakazi kuhusu ada ya taka. Kutoka tawi letu walikwenda watu wanne. Ada imepanda kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000 kwa kila kaya, na ukienda kuuliza leo unaambiwa wananchi waliridhia. Kwenye muhtasari ndivyo ilivyoandikwa.

Hatusemi kelele za mtandaoni hazina kazi. Mkumbuke Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15. Ilikuwa kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi unachotuma au kutoa. Ndani ya siku chache kila simu ilikuwa na skrinshoti ya mtu aliyemtumia mama yake hela kijijini na kiasi alichokatwa. Zikatoka Twitter zikaingia Instagram, zikaja WhatsApp, asubuhi zikasomwa redioni. Haikupita wiki, Rais Samia akaagiza suala hilo liangaliwe upya, na mwisho wa Agosti ikatangazwa kwamba tozo inapungua kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ilipofika kwenye benki kelele zikaanza tena, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo baadhi ya tozo zikafutwa, nyingine zikapunguzwa. Huo ni ushindi wa wananchi, na asiudharau mtu.

Lakini bajeti ile ile ya 2021 ilikuwa na mambo mengine. Iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Iliingiza kodi ya majengo kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nani anakumbuka mjadala wa ile mia ya mafuta? Mafuta hayakutumii ujumbe kwamba umekatwa. Yanaingia kwenye nauli, kwenye nyanya, kwenye kilo ya mchele, na wewe unamgombeza muuza genge. Hakuna cha kupiga picha. Ya LUKU ilisemwa siku kadhaa, hasa na wapangaji, ambao wanakatwa kodi ya nyumba isiyo yao kisha wanaambiwa wakamalizane na mwenye nyumba. Halafu tukazoea. Mwaka 2023 ile 1,000 ikawa 1,500. Tumepekua kundi hili la tawi kuanzia Juni hadi Agosti ya mwaka huo. Hakuna hata mmoja aliyeligusia, sisi viongozi tukiwemo.

Ndiyo maana tunasema wimbi la mtandao halichagui jambo kwa uzito wake. Linachagua lenye picha, lenye mtu wa kuchukiwa, linaloeleweka kwa sekunde kumi. Na likishachagua, linauliza swali moja tu, unaunga mkono au unapinga. Mwaka ule wa tozo, mtu akiuliza vituo vya afya na madarasa vilivyotajwa kwamba vitajengwa kwa fedha hiyo vitajengwa kwa nini kama tozo ikifutwa, aliitwa chawa. Lilikuwa swali la haki kabisa, na wapo humu waliolitolea matusi.

Na kuna hili la asilimia 30. Kwa nini 30, si 50, si 70? Serikali ilikuja na namba yake. Sisi tawi hili hatukuwa na namba yoyote, tulikuwa na skrinshoti. Mlango ulikuwa wazi wiki sita nzima, mbunge anapokea simu, diwani anauliza wananchi wanasemaje, na hakuna karatasi hata moja iliyotoka hapa kwetu kusema wakala fulani alikuwa akihudumia watu wangapi kwa siku, sasa wangapi, mama lishe analipwa kwa simu mara ngapi na anabakiwa na nini. Wimbi lilipokwisha, mlango nao ukafungwa.

Sasa, maamuzi ya kikao. Klipu yoyote inayotaja eneo letu haitumwi hapa mpaka katibu apige simu kwa mtu aliyepo eneo hilo. Akiikosea katibu, atasimama kikaoni aeleze, kama alivyosimama Jumamosi. Wanachama wapangaji, tunaomba ujumbe wa LUKU wa miezi mitatu iliyopita, futeni namba ya mita, mkabidhi kwa mweka hazina. Tunataka kujua ni wangapi wanarudishiwa ile 1,500 na wenye nyumba na wangapi hawarudishiwi, tumpelekee mbunge kwa maandishi kabla Bunge la bajeti halijaanza. Kina mama wa genge wawili wamejitolea kuandika bei ya nauli na nyanya kila Jumatatu, kwenye daftari la kawaida tu.

Kuhusu ada ya taka, tumemwandikia mwenyekiti wa mtaa kuomba muhtasari na orodha ya mahudhurio. Mkutano ujao wa wakazi ni Jumapili saa nne asubuhi, pale pale chini ya mwembe wa ofisi. Atakayekuja aje na risiti za taka.